Shingo ya Bi Adabu

Inatangazwa kwa watumishi wote, wastaafu, wateja walioko kwenye foleni na walinzi wa getini, kwamba Unyenyekevu wa mhudumu wa chai wa ghorofa ya pili umefariki dunia Jumanne saa nne asubuhi, juu ya meza ya upasuaji, baada ya kuishi miaka minne na miezi miwili. Marehemu ameacha wakubwa saba, katibu muhtasi mmoja, mabirika mawili na cheti kimoja kilichotiwa fremu. Mazishi hayatakuwepo, maana kilichokatwa kilikuwa kidogo na kimeshatupwa kwenye ndoo pamoja na pamba. Wanaotaka kulia wajipange kwa vyeo.

Mwenye Unyenyekevu huo mwenyewe yu hai, wala hakuna aliyempa pole. Ni mama wa miaka arobaini na mitatu, mke wa fundi bomba, mzazi wa binti mmoja. Ofisini wanamwita Bi Adabu. Kabla ya hapo walimwita Chiriku, na jina hilo hakupewa kwa upendeleo, alilitolea jasho.

Alianza kazi pale akiwa na miaka ishirini na minane. Ni ofisi ya vibali, ghorofa tatu, lifti moja isiyopanda, na milango mingi iliyoandikwa "Subiri Nje". Kazi yake ilikuwa kuchemsha chai saa nne na saa tisa, kuipeleka chumba kwa chumba, na kukusanya vikombe. Lakini chai yake ilikuja na maelezo. Ofisa akilalamika kwamba haina sukari, anaambiwa, "Sukari uliimaliza jana, leo lamba kijiko." Mkubwa akiuliza kwa nini imechelewa, anaambiwa, "Nilikuwa nangoja uamke, sikutaka kukushtua." Aliandikiwa barua tatu za onyo. Ya tatu aliisoma kwa sauti kwenye korido, akaazima kalamu ya katibu muhtasi, akasahihisha makosa, akairudisha ilikotoka.

Nyumbani napo hapakuwa na likizo. Mumewe, mtu wa maneno ya kuhesabika, alizoea kukaa nje ya mlango dakika kumi kila jioni kabla ya kuingia, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kupiga mbizi.

Moto wenyewe haukuwa na hadithi ndefu. Jiko la mafuta ya taa lilikuwa linakufa na sufuria haijachemka. Akaongeza mafuta bila kulizima. Alijua haifai. Alikwisha kuwaambia watu wengi kwamba haifai, tena kwa kelele. Alikuwa amevaa gauni la nailoni, na nailoni haiungui kama pamba. Inayeyuka, inakuwa uji, na uji ule unatafuta pa kukaa. Ulikaa shingoni, kuanzia chini ya kidevu mpaka juu ya matiti.

Majirani walikuja mbio, kila mmoja na tiba yake. Wa kwanza dawa ya meno, wa pili ute wa mayai, wa tatu asali, wa nne, asionekane amekuja mikono mitupu, unga wa ngano. Bomba la maji lilikuwa hatua tano kutoka pale, bomba la fundi bomba mwenyewe, linalotoa maji mchana kutwa, na hakuna aliyelikumbuka.

Muuguzi wa mapokezi alimtazama akashika kiuno. "Nani kamleta huyu? Mbona kabakia kuokwa tu?" Kisha akawageukia wasindikizaji. "Maji, jamani! Mtu akiungua ni maji ya bomba, dakika ishirini, basi. Mnayaogopa maji kama paka!"

Chiriku alikuwa na jibu. Lilikuwepo kabisa, limeiva. Lakini midomo ilikuwa imevimba, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikaa na jibu bila kulitoa.

Akapewa kitanda namba tisa, wodi ya majeraha ya moto. Wodi ile ilikuwa na feni mbili, moja ya kuzunguka na moja ya kutazamwa. Kila asubuhi kulikuwa na kuloweka bandeji, kuzibandua, kuosha, kufunga upya. Watu waliolia mwanzo wa wiki walinyamaza mwisho wa wiki, si kwa sababu maumivu yalipungua, ila kilio kilikuwa kinachosha kuliko bandeji. Na kila adhuhuri alipita mtaalamu wa mazoezi, mama mfupi mwenye viganja vya mwashi. Alikunja blanketi, akalitia chini ya mabega ya mgonjwa, kichwa kikaning'inia nyuma.

"Shingo inyooke hivi, mchana na usiku. Mto marufuku. Mkao unaokupa raha ndio utakaokupa kilema. Tumeelewana?"

Mgonjwa alikubali kwa macho.

Tatizo lilikuwa wifi. Wifi huyu, dada wa fundi bomba, alikuwa na moyo mwema, na moyo mwema wodini ni hatari kuliko vijidudu. Alipofika jioni ya kwanza alipiga kelele. "Haki ya nani, wifi yangu kichwa kinaning'inia kama kuku wa kuchinjwa! Hawa watu hawana huruma?" Kesho yake alileta mto, laini, wenye maua yaliyotariziwa na maneno "Lala Salama". Adhuhuri mtaalamu aliuondoa akautupa juu ya kabati. Jioni wifi alipanda kiti akaushusha. Vita hivi vilikwenda siku ishirini na sita, na mto ukashinda, kwa sababu ulikuwa na zamu ya usiku.

Kidonda kiliachwa kijifunge chenyewe, maana kulikuwa na walioungua zaidi na ngozi ya kupandikiza walipewa wao. Kikajifunga kwa njia pekee kinayoijua, kwa kujikunja. Akaruhusiwa kwenda nyumbani na karatasi ya mazoezi, ambayo wiki ile ile ilifungia chumvi. Mwezi wa pili kidevu kilianza kushuka. Mwezi wa tano kilifika. Kati ya kidevu na kifua hakikupita hata kidole kimoja.

Siku aliyorudi kazini aliingia ofisini kwa Mkurugenzi na sinia mkononi, kichwa chini, macho kwenye zulia. Mkurugenzi, kwa mazoea, alisema chai imepoa, kisha akajiegemeza kungoja mvua ya maneno. Mvua haikuja. Taya halikuwa na nafasi ya kushuka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayeongea ndani ya kabati. "Samahani, mkuu," ilisema. Alichotaka kusema kilikuwa kirefu zaidi, ila hayo ndiyo maneno yaliyopita.

Mkurugenzi akamwita Ofisa Utumishi. "Umemwona?"

"Nimemwona, mkuu."

"Mtu akipata mtihani anafunzika. Tazama heshima ile. Tazama macho yalipo."

"Yapo chini kabisa, mkuu."

Ndivyo Chiriku alivyokufa na Bi Adabu alivyozaliwa. Watu wasomi, wenye digrii zilizotundikwa ukutani, waliona kovu limeivuta ngozi ya mtu wakadhani ni tabia imenyooka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama anaweza kuinua kichwa. Kwa nini aulize? Kichwa cha mhudumu kikiwa chini, kiko mahali pake. Akapandishwa kuwa Msimamizi wa Chai, ghorofa ya pili, kwenye wakubwa. Mwisho wa mwaka akapewa Cheti cha Mtumishi Mnyenyekevu, kikatiwa fremu na kutundikwa karibu na kabati la vikombe, juu, mahali ambapo yeye peke yake katika jengo zima hakuweza kukisoma.

Watumishi wapya waliletwa kumtazama. "Mnaona?" Ofisa Utumishi aliwaambia. "Hivyo ndivyo mtu anavyoingia kwa mkubwa." Nao, kwa kuwa walitaka kuthibitishwa kazini, wakaiga. Baada ya mwaka ghorofa nzima ilikuwa inatembea kama inatafuta sindano iliyodondoka.

Bi Adabu mwenyewe alijifunza kuwatambua watu kwa viatu. Mkurugenzi ni vyeusi vyenye ncha, kisigino cha kulia kimelika. Ofisa Utumishi ni vya kahawia, soksi hazifanani. Sura zao zilifutika taratibu, na hakuona hasara.

Na moyoni je? Wengi walisema amekuwa na huzuni. Haikuwa huzuni. Huzuni ina uzito, mtu anajua ameibeba. Hii ilikuwa kama mguu ulioukalia muda mrefu: ni wako, unauona, lakini ukiugusa unaona kama umegusa wa mwenzako. Nzi alitua shingoni akatembea, akapumzika, akaondoka, naye hakujua. Siku moja chai ya moto ilimwagikia kwenye kovu, akaigundua baada ya kuona blauzi imelowa. Maji alikunywa kwa mrija. Usingizi aliupata akiwa ameketi, amezungukwa na mito mitatu, miwili yake na ule wa "Lala Salama".

Bintiye alikuwa na miaka kumi na mmoja moto ulipowaka. Alipofika kumi na mitano alikuwa amempita mama yake kimo, na mama alizoea kuzungumza na vifungo vya shati lake la shule. Binti akabuni njia. Akitaka kuzungumza na mama anachuchumaa chini mbele yake, anamtazama kutoka chini. Wageni walivutiwa mno. "Lo, mtoto ana heshima huyu! Amerithi kwa mama." Binti alikuwa na mengi ya kuwajibu wageni, maana kitu alichorithi hasa hakikuwa heshima, lakini mama alimfinya.

Jino la binti huyo ndilo lililoanzisha mambo. Lilioza, wakaenda hospitali, na kwenye korido sauti ikasema nyuma yao, "Kitanda namba tisa!"

Bi Adabu hakuhitaji kumwona mwenye sauti. Aliona viganja, vimeshika kidevu chake, vinajaribu kupitisha kidole chini yake. Hakikupita.

"Ule mto," mtaalamu wa mazoezi alisema. "Wifi yako yu wapi? Nina maneno naye."

"Hajambo."

"Sikuuliza kama hajambo." Akamshika mkono. "Daktari bingwa wa makovu yupo leo. Huja mara moja kwa mwezi. Jino litasubiri."

"Jino langu haliwezi kusubiri," binti alisema.

"Basi wewe nenda kwenye jino, mama yako ni wangu."

Daktari alikuwa kijana mwenye miwani na kalamu tatu mfukoni. Alilitazama kovu muda mrefu, akalibonyeza mpaka likawa jeupe, akaliachia. Kisha akageuza fomu ya maabara na kuchora nyuma yake.

"Mama, nikikata mstari mnyoofu hapa, utapona mnyoofu na utajikunja tena. Lakini nikikata hivi, mfano wa herufi Z, napata pembe mbili. Hii naihamishia huku, ile naileta huku. Kovu lile lile, ngozi ile ile, lakini urefu umeongezeka."

Bi Adabu aliitazama ile karatasi, ambayo kwa bahati ilikuwa mezani, chini, alikoweza kuona. "Kama kutia kipande cha kwapa kwenye gauni lililobana."

"Naam, jirani yake. Hiyo ni pembeni, kulia na kushoto. Katikati kovu ni pana mno, hapo nalifungua lote na kutia ngozi nene ya tumboni."

"Kovu litaisha?"

"Haliishi. Mimi si ufutio. Nalipunguzia nguvu na kulionyesha pa kulala."

"Hiyo ngozi mpya itakuwa inasikia mtu akinigusa?"

Daktari alivua miwani. "Kidogo. Pengine. Usiiwekee matumaini."

"Sawa," alisema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyeambiwa mkate umekwisha dukani.

"Sasa sikiliza lililo kubwa," daktari akaendelea. "Upasuaji ni saa tatu tu. Baada ya hapo ni kola, ngumu, kidevu juu, miezi sita, kazini na kitandani. Unaivua kuoga na kusugua mafuta basi. Ukiilegeza, ngozi mpya inasinyaa na kovu linarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Na mara ya pili sitakuahidi kitu."

Jumanne ile ya upasuaji, saa tatu na nusu, ugomvi ulizuka juu ya kichwa chake. Mtaalamu wa usingizi hakutaka kumlaza. "Mdomo haufunguki, shingo hainyooki. Bomba la pumzi nilipitishe wapi, dirishani?" Wakakubaliana wamchome sindano za ganzi kwanza, shingo ifunguliwe akiwa macho, ndipo alazwe. Sindano zilikuwa nyingi. Mbili za kwanza alizihesabu, nyingine alizisikia kama watu wanaobisha hodi nyumba ya jirani.

"Mama, unasikia maumivu?"

"Nasikia redio."

Ilikuwepo redio kweli, pembeni, inasoma bei za mazao. Kisu kilipita. Akasikia kitu kinavutwa, kinavutwa, kisha kinaachia, na kichwa chake kikaenda nyuma polepole, chenyewe, kama droo iliyotiwa mafuta. Akaona taa. Akaona dari. Akaona, kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, binadamu mwenzake ambaye si viatu: matundu mawili ya pua ya mtaalamu wa usingizi, moja kubwa kuliko jingine. Akangoja furaha. Kabla haijafika, wakamlaza.

Alipotoka wodini vilipita vidole tisa kati ya kidevu na kifua. Mtaalamu wa mazoezi alivipima mwenyewe, akaviandika kwa wino kwenye kadi: tisa. Wifi alikuja kumwona akiwa na mfuko mkubwa, akakaguliwa mlangoni mpaka ndani ya pochi.

Nyumbani mumewe alimtazama kutoka kila upande, kama bomba lililofungwa na fundi mwingine. Kola ilikuwa ya plastiki ngumu, nyeupe, imemshika kuanzia mabegani hadi kwenye taya.

"Sasa na mdomo unafunguka?" aliuliza.

"Unafunguka."

"Wote?"

"Wote."

Fundi bomba alishusha pumzi. "Miaka minne nyumba hii ilikuwa na amani, mke wangu."

"Haikuwa amani. Nilikuwa nimebanwa."

"Najua," akasema kwa aibu, naye alikuwa anajua tangu zamani. Usiku ule alikusanya mito yote mitatu akaipeleka kwa dada yake, bila maelezo.

Ofisini mambo yaliharibika kabla ya saa nne ya siku ya kwanza. Mtu mnene mwenye kipara alimkuta kwenye korido akasimama mbele yake, anangoja.

"Unamtafuta nani, baba?" aliuliza.

"Namtafuta nani? Mimi ndiye Mkurugenzi."

Alitaka kuhakikisha kwa viatu, lakini kola haikuruhusu kutazama chini. "Haya," alisema, "kama mwenyewe unasema hivyo."

Halikuwa tusi. Alisema kama anavyosema mtu asiye na kitambulisho cha kukagua. Lakini kabla ya saa sita jengo zima lilikuwa nalo. Halafu ikaja ile ya sinia. Kwa kuwa hakuweza kuliona, alilibeba usawa wa kitovu, kidevu mbele, macho kwenye nyuso za watu, akamimina chai kwa kusikiliza mlio wa kikombe kinavyojaa. Hakumwaga hata tone. Hilo nalo liliudhi. Wakubwa waliozoea kumiminiwa chai na utosi sasa walimiminiwa na macho mawili yasiyopepesa, yanayowatazama bila chuki na bila mapenzi, kama watu wanavyotazama ubao wa matangazo.

"Ananidharau," alisema Mkurugenzi.

"Kiburi kimerudi, tena na plasta," alisema Ofisa Utumishi.

Ofisa Utumishi huyu ndiye aliyemfuata jikoni kwa upole. Kulikuwa na wageni wa makao makuu, wiki mbili, wakubwa kweli kweli. "Mama yangu, siyo kwamba uitupe. Ivue saa za kazi tu. Saa nane kwa siku ni nini? Ukitoka getini unaivaa. Wageni waje wauone ule unyenyekevu tuliouandikia ripoti."

Aliivua. Hakushindana, hakulalamika. Kuivua ilikuwa rahisi, kama kila jambo lilivyokwisha kurahisika kwake. Siku ya tatu alijikuta anatazama kifungo cha pili cha koti la mgeni badala ya uso. Siku ya sita, tai. Siku ya kumi wageni waliondoka wakiwa wameridhika, wakaacha maoni kwamba huduma ya chai ni ya mfano.

Jumamosi mtaalamu wa mazoezi alipima. Akapima tena. Akatazama kadi.

"Vilikuwa tisa. Hapa naona saba. Viwili vimekwenda wapi?"

"Kazini."

"Kazini?"

"Niliambiwa niivue saa za kazi."

Yule mama mfupi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomfanya binti, aliyekuwa amesimama mlangoni, aache kutafuna. "Sikiliza, namba tisa. Wiki mbili, vidole viwili. Ukiendelea hivi, hesabu ni ya darasa la kwanza. Daktari ngozi nene ya tumboni ameshaitumia. Mimi mikono ninayo, lakini siwezi kurefusha kisichotaka kurefuka. Saba nitakulindia. Pengine nitakurudishia kimoja. Ukiivua tena, usije hapa kuniletea kidevu chako."

Njiani alijaribu kuogopa. Alijua mahali hapa mtu huogopa. Hofu haikuja. Kilichokuja kilikuwa namba tu: saba, kisha tano, kisha tatu, kisha viatu. Binti alitembea pembeni yake, mrefu, uso wake uko pale pale ulipo, hahitaji kuchuchumaa. Kwenye kidevu alikuwa na kipele. Mama alikiona.

Jumatatu aliingia kazini na kola. Jumanne vilevile. Alhamisi alipewa barua.

Barua ilikuwa na makosa matatu ya kinidhamu. La kwanza, kuwatazama viongozi usoni kwa muda mrefu bila sababu za kikazi. La pili, kuingia ofisi za wakubwa kidevu kikiwa kimetangulia sinia. La tatu, kubatilisha kwa vitendo Cheti cha Mtumishi Mnyenyekevu bila idhini ya mamlaka iliyokitoa.

Kamati ya Nidhamu ilikaa kwenye chumba cha mikutano, watu watano upande mmoja wa meza, yeye kwenye kiti upande wa pili. Mkurugenzi alikuwa mwenyekiti, maana aliyekosewa ndiye anayeujua vizuri ukubwa wa kosa.

"Umesoma mashtaka?" aliuliza.

"Nimesoma."

"Kwa nini hukuinamisha kichwa ulipoingia humu?"

"Kikishuka hakipandi."

Alitoa barua ya daktari. Ikapita mkono kwa mkono, ikafika kwa Ofisa Utumishi, aliyeisoma kwa kidole. "Hii inazungumzia kola, mkuu. Kuhusu kiburi iko kimya."

"Mama," alisema mjumbe mmoja, mwanamke wa idara ya uhasibu, kwa sauti ya kutaka kumwokoa, "dada yangu, hebu waeleze tu kwamba huna nia mbaya. Waambie unawaheshimu. Yaishe."

"Sina nia mbaya."

"Na kwamba unawaheshimu."

"Nawaona wote vizuri."

Mwanamke wa uhasibu aliinua mikono akaishusha. Mkurugenzi akasimama, na aliposimama kila mtu alijua kuna hotuba. Ilikuwepo. Ilisema unyenyekevu ndio nguzo ya utumishi. Ilisema ofisi hii ilimwinua mama huyu kutoka kwenye vikombe vya ghorofa ya chini ikampa cheo, cheti na jina zuri. Ilisema mti unaoinama ndio unaopona upepo. Wajumbe wanne, kwa mazoea ya miaka minne, waliisikiliza wakitazama meza. Aliyemtazama msemaji alikuwa mmoja tu, na msemaji akaanza kupoteza njia, akarudia nguzo mara mbili, akakohoa, akaketi.

"Kamati ni ya kibinadamu," akamalizia. "Kwa hiyo tunakupa kuchagua. Ukiivua hiyo kola saa za kazi, haya yote tunayachana, unabaki Msimamizi wa Chai, ghorofa ya pili, cheti chako kinabaki ukutani. Ukikataa, unahamia stoo ya majalada ya zamani, chini ya ngazi. Cheo huna tena. Hakuna chai kule, hakuna wageni, hakuna wa kumtazama wala wa kukutazama. Ni wewe na panya mpaka ustaafu. Sasa usikurupuke. Usijibu kwa hasira."

Hasira hakuwa nayo. Aliitafuta kwa uaminifu, kwa kuwa mahali palikuwa pake. Alimtafuta hata Chiriku, aliyekuwa na jibu la kila mkubwa, na jibu lilikuwepo, la panya, zuri tu, lakini hakuona haja ya kulisumbua. Mwanamke wa uhasibu alianza kutikisa kichwa taratibu, akimwomba kwa macho akubali, ivuliwe, yaishe. Ofisa Utumishi alishika kalamu tayari kuandika.

"Haya, mama," alisema Mkurugenzi. "Tunakusikiliza."

"Funguo za stoo anazo nani?"